Ndege wa Nyuma ya Mirla

Mjukuu wangu Maryori akirudi kutoka shuleni huanza na mambo yaleyale kila siku. Hutupa mkoba kwenye kiti cha mlangoni, huja mpaka nilipo, huinamisha kichwa na kusema, "Nibariki, babu." Nami humjibu, "Mungu akubariki, binti, na akufundishe kutundika mkoba." Hucheka, lakini mkoba hautundikwi. Hunywa kikombe cha maji moto ya sukari guru, hutafuna arepa, ule mkate wetu wa mahindi, iliyobaki asubuhi, huwamwagia kuku mahindi, kisha hukimbilia bandani.

Mwaka ule bandani ndiko kulikokuwa na lori lake. Lilikuwa lori dogo la rimoti, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alipewa na mjomba wake Wilmar, ambaye alikuwa amejinunulia jingine. Lilikuja uchi, bila bodi: magurudumu makubwa, mota, betri, na nyaya zilizofungwa kwa utepe. Likipita uani kuku walikimbia, na paka wetu alipanda juu ya paa akakaa huko mpaka betri iishe.

Sisi tunakaa Guayabal, kwenye mlima wa kahawa juu ya mji wa Santa Rita. Zamani chiva zilipanda mpaka huku. Asiyeijua chiva afikirie lori lenye mabenchi ya mbao kutoka ubavu hadi ubavu, magunia na kuku juu ya paa, na kila ubao umepakwa rangi mpaka macho yanauma kwa raha. Yetu iliitwa Mirla, jina la yule ndege mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa anayeimba alfajiri kwenye mipera. Mimi ndiye niliyeiendesha. Mke wangu Ofelia ndiye aliyeipaka rangi. Nyuma kabisa, pale ambapo chiva hubeba picha yake kubwa, alichora mirla ametua kwenye tawi la mpera. Watu wa mjini walikuwa wakimwona ndege huyo wanajua Guayabal imefika.

Kisha barabara ikaporomoka. Meya wa wakati ule akaja amevaa kofia mpya ya ujenzi, akapigwa picha, akashuka. Aliyemfuata naye akaja na kofia yake. Barabara mpaka leo iko kulekule ilikoangukia, chini bondeni. Mirla ikauzwa vipande vipande. Ofelia alipougua tulimshusha kwa machela, kwa miguu, maana gari la wagonjwa halikuweza kupanda. Wakubwa walikuja mazikoni wameshika kofia mikononi. Sisemi zaidi, hii ni hadithi ya watoto.

Wazo la chiva ndogo lilikuwa la Mwalimu Nubia, anayewafundisha watoto kazi za mikono baada ya masomo. Alisema kama chiva za mlimani zimekwisha, basi siku ya sherehe ya mtakatifu wa mji watoto watazirudisha. Kila mwenye lori la rimoti angelivisha bodi ya chiva ya kijiji chake, kisha wangeziendesha kutoka ngazi za kanisa mpaka darajani, zikiwa na mizigo juu, zikipanda kijilima cha mawe. Sharti lilikuwa moja: bodi ipakwe kwa mikono ya mtoto mwenyewe. Ijumaa mwalimu angezikagua, na iliyopakwa vizuri kuliko zote ingeongoza msafara wa Jumapili.

"Mirla ndiyo ilikuwa inaongoza kila sherehe," Maryori akaniambia. "Si ndiyo, babu?"

"Kila mwaka. Padri alikuwa anakaa mbele pamoja nami, ananuka vitunguu saumu."

"Basi na hii itaongoza."

Alisema hivyo huku ameliangalia lori, hakuniangalia mimi. Nikajua kwamba halikuwa jambo la mchezo.

Bodi zilitoka mji mkubwa wa Medellín, kwa rafiki wa mwalimu anayefinyanga plastiki. Zilikuwa angavu kama kioo, zenye umbo la chiva, boneti, mabenchi na fremu ya mizigo juu. Kila mtoto alipata moja, na ya akiba haikuwepo.

Siku ya kuivisha alikuja Duván, anayesoma naye darasa moja. Duván ni mtoto wa Gilma, yule mama anayeuza sambusa za mahindi karibu na daraja, na mdomo wake haupumziki hata akiwa anatafuna.

"Kwanza ikae, ndipo ivae rangi," nikawaambia. "Sasa hivi mnaona mpaka ndani. Mkishaipaka mtakuwa mnatoboa kama watu waliofungwa macho."

Lori lina nguzo nne ndogo zinazosimama juu ya chasisi. Bodi hukaa juu ya nguzo hizo, ncha zake zikatokeza kwenye matundu, na kila ncha ikafungwa kwa pini. Maryori aliiweka bodi juu, akachungulia, akatia alama ya kalamu pale ncha zilipogusa.

"Toboa kubwa tumalize," Duván akasema. "Mama ananingoja."

"Tundu dogo nitaliongeza. Kubwa nitalipunguza na nini, na mate yako?"

"Mate yangu yana kazi nyingine."

Maryori akatoboa dogo, akalipanua kwa kuzungusha, mpaka nguzo ikapita bila kulegea. Walipowasha lori na kukata kona, gurudumu la mbele likakwaruza plastiki. Maryori akachukua mkasi mdogo wa kucha uliokuwa wa bibi yake, ule uliopinda, akawa anapunguza ukingo kidogo kidogo, anajaribu, anapunguza tena. Duván alipiga miayo kama kiboko. Lakini mwishowe lori likageuka kushoto na kulia bila kelele yoyote, na paka akapanda juu ya paa.

Ikabaki rangi.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kosa lilizaliwa hapa. Bodi ya namna hii hupakwa rangi kwa ndani. Mawe yakiigonga, yanagonga plastiki, hayaigusi rangi. Kwa nje ina utando mwembamba wa kuikinga, ambao hubanduliwa kazi ikiisha. Mwalimu aliwaeleza yote hayo darasani. Aliwaambia, "Mkipaka ndani, mfikirie kinyume. Kile kinachotakiwa kuonekana juu ndicho kinachotangulia." Wakati mwalimu anasema hivyo, Maryori alikuwa anachora mkia wa ndege pembeni mwa daftari. Alisikia "ndani." Mengine yalipita.

Tena alikuwa na mwalimu mwingine kichwani. Tangu akiwa mdogo alikaa juu ya kopo la rangi na kumtazama Ofelia akipaka mbao za chiva. Ofelia alianza na rangi ya chini, akaiacha ikauke, akaja na maua, akaja na mistari, na ndege akawa wa mwisho. Katika ndege, jicho likawa la mwisho kabisa. "Jicho baadaye," alikuwa akisema, "ndege asinione nikikosea."

Siku Maryori alipopaka mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meya pamoja na wenzangu wa Guayabal, tukisubiri kuambiwa turudi wiki ijayo. Tuliambiwa. Kumbe mtoto huku nyumbani alikuwa amebandika utepe kwenye madirisha, akapaka njano ndani yote, akaiacha ikauke, akarudia. Kisha juu ya ile njano akaanza kumchora ndege, unyoya kwa unyoya, alasiri nzima, ulimi ukiwa nje. Alipomaliza akaigeuza bodi aione kwa nje.

Ilikuwa njano tupu. Ilikuwa kama boga lenye magurudumu. Ndege alikuwa amejificha nyuma ya njano, upande ambao hakuna mtu angemwona. Aliniambia baadaye kwamba aliigeuza tena na tena, kama vile ndege angeweza kutokea kwa njia nyingine.

Angesema siku hiyo, ingekuwa kosa la kazi tu, na makosa ya kazi hayana aibu. Lakini Ijumaa ilikuwa karibu, na Mirla ilitakiwa kuongoza. Akachukua brashi, akamchora ndege upya kwa nje, juu ya ule utando. Alijua kuwa ni utando. Aliona umeng'ang'ania vizuri, akajiambia kwamba usipobanduliwa hakuna atakayejua.

Nikarudi jioni nimechoka na hasira zangu, nikaingia bandani, nikamkuta ndege. Mkia umeinuka, mdomo umefunguka, tawi la mpera liko vilevile. Nikakaa juu ya gunia.

"Ni yeye," nikasema. "Binti, ni yeye mwenyewe. Bibi yako angekushika mkono akaukagua."

Maryori aliangalia miguu yake. Nikadhani ni unyenyekevu.

Ijumaa Mwalimu Nubia alizikagua chiva darasani. Taa ya darasa ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na manispaa ilikuwa bado inaitafutia balbu, kwa hiyo alizikagua kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya nyingine, huku watoto wakisukumana mgongoni kwake. Akafika kwa Mirla, akaisogeza karibu na dirisha.

"Umepaka ndani yote, Maryori?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na utando umeshaubandua?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kazi nzuri sana. Mirla itaongoza."

Aliyekuwa akitajwa kuongoza kabla ya hapo alikuwa Duván, na chiva yake iliyoitwa Consentida, iliyochorwa ng'ombe nyuma. Duván alishika kichwa. "Ng'ombe wangu kashindwa na ndege," akasema.

"Kumbe yule ni ng'ombe?" mwenzao mmoja akauliza. "Nilidhani mbwa aliyemeza ngoma."

"Ni ng'ombe. Miguu imepinda kwa sababu ya barabara."

Darasa zima likacheka. Maryori alicheka pia, lakini alikuwa ameikumbatia bodi yake kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

Jumamosi asubuhi yalikuwa mazoezi darajani. Niseme jambo moja hapa. Ili malori ya watoto yapite vizuri, manispaa ilikuwa imeleta watu na saruji, wakaziba mashimo yote kutoka kanisani mpaka darajani kwa asubuhi moja. Barabara ya vichezeo ilitengenezwa. Ya binadamu bado.

Jua lilikuwa kali. Mirla ilitangulia kwenye kijilima cha mawe, ikapanda vizuri, ikainama, nyuma yake ikajikwaruza kwenye jiwe. Ilipofika juu, Duván aliyekuwa nyuma yake akainama kuangalia.

"Maryori, ndege wako ananyonyoka."

"Ni vumbi."

"Vumbi gani lenye manyoya?"

Maryori alilibeba lori kifuani, akaupanda mlima kwa mbio.

Mimi nilikuwa nyumbani nikimenya maharage. Alipita mbele yangu bila kuomba baraka, na hapo nikajua kuna jambo. Nikamfuata bandani. Alikuwa ameshika chupa ya gundi. Utando ulikuwa umefumuka pembeni, na mkia wa ndege umesimama kama sikio lililochanika.

Aliponiona akaweka gundi chini. "Nibariki, babu."

"Nitakubariki ukishaniambia."

Akaniambia. Alianza na boga, akaja kwenye utando, akamalizia na mwalimu na zile ndiyo zake mbili. Sauti ilikuwa inapungua kadiri alivyoendelea.

"Nilitaka kukwambia wewe kwanza," akasema. "Lakini siku ile ulilia. Sikuweza."

"Sikulia. Lilikuwa vumbi."

"Yalikuwa machozi, babu."

"Haya, yalikuwa machozi. Umenifanya nianze mimi kukiri. Sasa na wewe ukamwambie mwalimu."

"Ataninyima kuongoza."

"Atakunyima. Hata mimi ningekunyima."

Akainua kichwa. Huyu mtoto ana jicho la bibi yake, anapolitaka. "Lakini meya alisema redioni barabara yetu imetengenezwa," akasema. "Kadanganya, na hakuna aliyemnyima kitu. Bado anakaa mbele kanisani. Wewe mwenyewe unasema hivyo kila siku."

Ni kweli nasema hivyo kila siku, na kuku wameshazoea.

"Ni kweli hakunyimwa kiti," nikamwambia. "Lakini akipita mimi natazama pembeni. Akisalimia siamini hata ile salamu. Unataka Duván na mwalimu wakuone wewe kama mimi ninavyomwona yule?"

Akatikisa kichwa.

Ndipo nikamweleza habari ya mtakatifu wa vidole sita. Ofelia aliwahi kumchora mtakatifu kwenye chiva ya mtu, akamwekea vidole sita mkononi. Mwenye chiva alikuwa mgahawani anakunywa kahawa, hajui lolote. Ofelia akatoka mpaka barabarani akamwita: njoo uone nilichokosea. Akakifuta kile kidole mbele yake. Usiku ule nilimuuliza kwa nini alimwita, wakati angeweza kukifuta kimyakimya au kukiacha tu. Akaniambia, "Rangi ikiwa mbichi inatoka kwa kitambaa. Ikikauka nitaikwangua kwa kisu, na ubao utaumia. Na nikizoea kumwacha mtu asijue, kesho nitamficha kosa kubwa zaidi."

Maryori aliutazama mkia uliosimama. "Yangu imeshakauka."

"Imeanza kukauka. Bado haijafika kwenye kisu. Nenda."

Akaenda. Nikamfuata polepole kwa sababu ya goti. Mwalimu Nubia alikuwa barazani kwake anaanika nguo, na Duván amesimama pale na sinia la sambusa alilotumwa na mama yake. Nilidhani Maryori atasubiri Duván aondoke. Hakusubiri.

"Mwalimu, jana nilikudanganya."

Akashika utando pale ulipofumuka, akauvuta mwenyewe. Ukatoka wote kwa mara moja, na ndege akatoka nao, akabaki ananing'inia mkononi mwa Maryori kama ngozi ya kitunguu. Kwenye lori kukabaki lile boga la njano. Hakuna aliyecheka, hata Duván.

Mwalimu aliweka chini kapu la nguo. Akauliza alivyopaka, Maryori akaeleza bila kujitetea. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ningegundua kesho, mbele ya padri na mji mzima, na tungeaibika wote," akasema. "Nashukuru umekuja leo. Lakini kuongoza huongozi. Consentida itaongoza."

Sinia la Duván liliyumba.

"Mirla itakwenda mwisho kabisa," mwalimu akaendelea. "Tena ikiwa tu itakuwa imepakwa kabla ya misa, kwa ndani, kwa mikono yako. Isipokuwa tayari itabaki nyumbani."

"Hii njano inatoka, mwalimu?"

"Inatoka kwa spiriti, pamba na mkono usiochoka. Fanya uani penye upepo, uvae glavu, na babu yako akae karibu. Chukua chupa yangu."

Tulipokuwa tunapanda, tukasikia hatua nyuma yetu. Alikuwa Duván na furushi la pamba.

"Mimi sipaki," akasema. "Nasugua tu. Kusugua hakujakatazwa."

"Umekuja kuniona nikiteseka," Maryori akamwambia.

"Hilo pia. Na nimebeba sambusa tatu zilizopasuka."

Wakasugua. Njano ilitoka ikiwa uji, ikajaza pamba, ikaingia chini ya kucha, ikawapaka kuku wawili waliokuja kupeleleza. Kidogo kidogo plastiki ikarudi kuwa kioo. Maryori akaiosha kwa sabuni ya vyombo, akaikausha, na kwa vile utando haukuwepo tena tukaifunika nje kwa gazeti ili rangi isiimwagikie. Gazeti lilikuwa na picha ya meya. Baadaye tone la njano lilimdondokea puani, na Maryori akaomba radhi. Nikamwambia hilo halikuwa kosa.

Akashika brashi nyembamba, akasita.

"Bibi alisema jicho mwisho."

"Bibi yako alipaka mbao," nikamwambia. "Mbao hazina upande wa pili wa kuchungulia. Hapa anza na kile kitakachokuwa juu."

Akachora jicho kwanza: nukta nyeusi, akaizungushia duara la rangi ya chungwa. Hakukuwa na kichwa bado, wala mdomo, wala tawi. Jicho peke yake likaelea kwenye plastiki angavu.

"Anatuangalia," Duván akasema, akasogea kidogo.

"Aangalie," Maryori akajibu. "Leo sina cha kumficha."

Baada ya jicho ukaja mdomo, ukaja mwili mweusi, tawi, mapera, kisha maua mekundu na mistari ya buluu ya ubavuni. Kila kitu kiliachwa kikauke kwenye upepo kabla ya kingine kufuata. Mara ngapi nilitaka kusema "harakisha," nikauuma ulimi. Jua likiwa linaegemea mlima wa pili ndipo akapaka njano juu ya vyote. Kwa ndani kazi yote ikapotea. Ukitazama ungesema hakuna kitu.

"Boga tena," Duván akasema.

Maryori akaondoa gazeti, akaigeuza bodi.

Ndege alikuwa pale, ametua, anang'aa chini ya plastiki kana kwamba amelowa mvua. Duván hakupata la kusema, jambo ambalo mama yake Gilma alikataa kuliamini nilipomsimulia.

Jumapili mji ulijaa. Meya alishika kipaza sauti akasema manispaa inauthamini sana usafiri wa milimani. Bibi mmoja wa Guayabal akamwambia kwa sauti basi apande moja ya chiva hizo, maana ndizo zinazofika. Meya alicheka kwa meno tu. Sikutazama pembeni siku hiyo, nilikuwa na kazi nyingine ya macho.

Consentida ikaongoza. Ng'ombe wake alishangiliwa, na watoto wa mjini wakambwekea njia nzima. Duván aliwapungia mkono kama balozi. Zikafuata nyingine, zimebeba vifurushi vya sukari guru na kuku wadogo wa udongo. Mwisho kabisa ikaja Mirla, na juu yake kigunia cha kahawa kinachoenea kwenye kiganja. Maryori alitembea nyuma yake na rimoti, amekaza midomo.

Ikafika kwenye kijilima cha mawe. Ikainama, ikajikwaruza kwenye jiwe lilelile. Mwalimu Nubia akafumba macho. Mimi sikufumba. Mirla ikajivuta, ikafika juu, na hakuna hata unyoya uliotoka.

Sasa, chiva hubeba picha yake nyuma. Iliyo mbele watu huiona mara moja, kisha inayofuata inaiziba. Iliyo ya mwisho haizibwi na kitu. Watu waliifuata Mirla mpaka darajani, na njia yote ndege alikuwa amewageukia. Nikasikia wanawake wa Guayabal wakiambiana, "Ni ndege wa Ofelia." Na mmoja wao akasahihisha, "Wa Ofelia alikuwa mwenye haya. Huyu anakutazama machoni."

Tulirudi mlimani kwa miguu, mimi na mjukuu wangu, tukapumzika pale barabara ilipokatika.

"Babu, ulitaka iongoze?"

"Nilitaka sana."

"Mimi pia," akasema. "Bado nataka."

"Ni haki yako kutaka. Lakini sikiliza, binti, nikwambie jambo, kisha ukitaka ulisahau. Kupaka njano kwanza ilikuwa ni kutojua, na kutojua kunatibiwa kwa pamba na alasiri moja. Kusema ndiyo kwa mwalimu kulikuwa kitu kingine. Hicho hakitoki kwa spiriti. Kinatoka kwa kwenda mwenyewe na kusema nimekosea, mapema, kabla hujalazimishwa. Nimewaona watu wazima wenye kofia za kila aina, na sijamsikia hata mmoja akisema hivyo. Ungekuwa meya wewe, leo tungepanda kwa gari."

Akacheka. "Nikiwa meya nitaanza na taa ya darasa."

"Anza na barabara."

"Taa, kisha barabara. Balbu ni rahisi."

Tulipofika nyumbani aliiweka Mirla kwenye rafu iliyo mkabala na mlango, nyuma yake ikiwa mbele, ili ndege amwone kila anayeingia. Akaja akainamisha kichwa, nikambariki. Jumatatu alirudi kutoka shuleni, akatupa mkoba kwenye kiti, akatembea hatua chache, akageuka kumtazama ndege. Akarudi, akautundika.